Maikrosimenti nyumbani: kutoka sakafu ya zamani hadi vanishi ya mwisho

Maikrosimenti ni ganda la milimita 2 hadi 3 tu. Ni saruji, mchanga laini kama unga, resini (gundi ya majimaji) na rangi, vikapakwa kwa mwiko juu ya sakafu au ukuta uliopo. Watu huipendea kutokuwa na maungio: hakuna grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) ya kusugua kwa mswaki, chumba kizima ni kitu kimoja. Wembamba wake ndio sifa yake na ndio balaa lake. Sakafu ikiwa na ufa, ufa utapanda juu. Ikiwa na unyevu, itatoa malengelenge. Ikiwa na bonde, bonde litabaki palepale, na sasa litang'aa. Kwa hiyo kati ya siku nane au tisa za kazi, tatu za mwanzo ni za kuandaa chini, na fundi anayekuahidi kumaliza kwa siku mbili anakuuzia kitu kingine.

Kitu hicho kingine mara nyingi ni niru (uji wa saruji tupu) iliyotiwa rangi, au saruji nyeupe iliyochanganywa na gundi ya mbao. Niru ni kazi nzuri ikipigwa juu ya sakafu mbichi, siku ileile. Ukiipaka juu ya sakafu iliyokauka miaka kumi, itabanduka vipande vipande kama ukoko wa wali, kwa sababu haina resini ya kuishikisha wala kuipa unyumbufu.

Hesabu ya vifaa

Maikrosimenti huuzwa kwa namna mbili: unga wa kuchanganya na maji peke yake, na unga unaokuja na resini yake kando. Kwa sakafu chagua ya pili, ina nguvu zaidi. Praima (mkono wa kwanza wa kushikisha), unga, resini na vanishi vyote vitoke kwa mtengenezaji mmoja. Praima ya kampuni hii na vanishi ya kampuni ile vikikataana, hakuna wa kumlalamikia.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Viwango vya kawaida ni hivi, ila karatasi ya bidhaa yako ndiyo yenye neno la mwisho:

- Wavu wa nyuzi za kioo, ule mwepesi wa gramu 50 hadi 60 kwa mita ya mraba: mita za mraba 22, kwa ajili ya kupishana.
- Unga wa chini (wenye chembe kubwa kidogo), tabaka mbili: kilo 1.2 kisha kilo 0.8 kwa kila mita ya mraba, jumla kilo 40.
- Unga wa juu (laini), tabaka mbili: kilo 0.4 kisha kilo 0.3, jumla kilo 14.
- Praima: lita 2 hadi 4, kutegemea sakafu inavyonyonya.
- Kizibio cha vinyweleo (kinachoziba vitundu vidogo vya ganda kabla ya vanishi), mikono miwili: lita 2 hivi.
- Vanishi ya poliurethani ya maji, ya mikebe miwili (vanishi na kikaushio chake): lita 3 kwa mikono miwili.

Ongeza asilimia 10 ya unga, kwa sababu ukiishiwa katikati ya sakafu hutapata rangi ileile tena. Hakikisha mifuko yote ina namba ileile ya toleo la kiwandani.

Zana: drili nzito yenye kichanganyio, ndoo za lita 20 zilizo safi, mzani wa jikoni, mwiko mpana wa chuma unaonyumbuka na wenye pembe za mviringo, mwiko wenye ulimi wa plastiki kwa tabaka za juu, rola ya manyoya mafupi, grainda yenye diski ya almasi ya kusaga zege, msasa wa namba 40, 80, 120, 220 na 400, kifyonza vumbi, utepe wa karatasi, na alumini iliyonyooka ya mita 2. Glavu na barakoa ya vumbi si mapambo. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, bila mtu kuhisi mpaka jioni, na vumbi la mchanga wa silika likiingia mapafuni halitoki.

Kukagua kilicho chini

Zege au lipu mpya iachwe siku 28 kwa uchache. Baada ya hapo pima unyevu. Kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 50 kwa 50, kilaze sakafuni na uzibe pande zote nne kwa utepe. Kesho yake kiinue. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko pembeni, kuna maji. Weka vipande vitatu au vinne, kimoja karibu na ukuta wa bafu.

Kama nyumba ni mpya, subiri, kisha upime tena. Kama ni ya zamani na jamvi (zege la sakafu) lilimwagwa bila nailoni chini yake, unyevu huo unapanda kutoka ardhini na hautaisha hata ungoje mwaka. Hapo inatakiwa praima ya epoksi iliyotengenezwa mahususi kuzuia unyevu, mikono miwili, na mkono wa pili unyunyiziwe mchanga wa silika ungali mbichi ili tabaka inayofuata ipate pa kushika. Asiye na fedha ya epoksi aachane na maikrosimenti chumba hicho.

Kwenye kuta za pwani adui ni chumvi. Lipu iliyopigwa kwa mchanga wa baharini, au ukuta unaovuta maji kutoka kwenye msingi, hutoa unga mweupe unaoonekana kuanzia chini hadi usawa wa goti au kiuno. Chumvi hiyo ina nguvu ya kusukuma ganda lolote lililo mbele yake. Ng'oa lipu hiyo mpaka kwenye tofali, tibu chanzo cha maji, piga lipu mpya kwa mchanga uliooshwa, kisha anza kuhesabu siku 28 upya. Na nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, ziache na chokaa yake. Kuta zile hupumua; ukizifunika kwa resini na vanishi, unyevu utatafuta mlango mwingine na kuta zitaanza kumeguka kwa ndani.

Kisha gonga. Tembea na mpini wa nyundo ukigonga kila hatua. Panapolia tupu, lipu au sakafu imeachana na chini. Chora duara kwa chaki, kata, jaza upya. Vigae navyo gonga kimoja kimoja.

Nyufa zina aina mbili, na kosa la kuzichanganya ni ghali. Paka bonge dogo la jipsamu kukatiza ufa, andika tarehe, acha wiki mbili. Likibaki zima, ufa umelala: utanue kwa grainda kuwa umbo la V lenye upana wa milimita 5, fyonza vumbi, jaza epoksi. Bonge likikatika, ufa ungali unatembea, na hakuna wavu utakaouzuia. Hapo acha kiungo cha makusudi, kilichonyooka, kijazwe silikoni ya rangi ya sakafu. Vivyo hivyo kwa viungo vya upanuzi vilivyowekwa na mjenzi: visifunikwe, virudiwe juu mahali palepale.

Mwisho laza alumini ya mita 2 pande mbalimbali. Mwanya unaozidi milimita 3 chini yake usawazishwe sasa, kwa kusaga vilima au kujaza mabonde kwa saruji ya kujisawazisha.

Kuiandaa

Sakafu nyingi za Afrika Mashariki zina rangi nyekundu na nta ya kung'arisha iliyopakwa kila Jumamosi kwa miaka. Nta ndiyo inayobandua kazi nyingi. Sabuni peke yake haitoshi. Saga kwa grainda mpaka uone saruji ya kijivu isiyong'aa. Kipimo chake ni tone la maji: likinyonywa ndani ya dakika moja, umefika. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, endelea kusaga.

Juu ya vigae: ondoa vilivyolegea, osha kwa dawa ya kuondoa mafuta, saga mng'ao wote, jaza maungio ya grauti mpaka yawe sawa na uso wa kigae, subiri siku moja, jaza tena kwa sababu yatakuwa yamezama. Asiyejaza mara mbili ataona gridi ya vigae vyake vya zamani ikichungulia mara mwanga wa jioni utakapoingia dirishani. Kisha praima ya epoksi na mchanga wa silika, kwa kuwa kigae hakinyonyi.

Kuta zilizopigwa skimu (ganda jembamba la kulainisha) ya jipsamu hujaribiwa kwa ukucha. Ikitoka unga, yote ikwanguliwe. Rangi ya mafuta nayo itoke. Bafuni usiweke kamwe maikrosimenti juu ya jipsamu.

Funika milango na soketi kwa utepe na nailoni, fyonza vumbi mara mbili, paka praima kwa rola. Ukiona madimbwi ya praima yatandaze. Dimbwi likikauka huwa ni kioo kisichoshika kitu.

Tabaka za chini

Kwanza rangi. Tia rangi kwenye resini yote ya kazi nzima, ndani ya chombo kimoja kikubwa, kabla hujafungua mfuko wa unga. Fundi anayetia rangi ndoo kwa ndoo huishia na sakafu yenye viraka.

Mimina resini kwanza, unga baadaye, kidogo kidogo, drili ikizunguka taratibu. Mwendo mkali huingiza hewa, na hewa hiyo utaiona baadaye kama vitundu vya sindano juu ya sakafu. Changanya dakika 4 au 5, acha ipumzike dakika 2, changanya tena kwa muda mfupi. Iwe kama mtindi mzito: ukichovya mwiko na kuuinua, inateremka polepole bila kudondoka matone. Kama inahitaji maji, pima kwa mzani na uandike, ndoo zote ziwe sawa. Maji ya ziada hupausha rangi na kudhoofisha ganda. Usiandae zaidi ya utakayomaliza kwa nusu saa. Ikianza kukaza, itupe, usiifufue kwa maji.

Laza wavu juu ya praima iliyokauka, vipande vipishane sentimita 5. Wengine huuruka wavu kwenye kuta kavu za sebule, na si kosa. Sakafuni, juu ya vigae na bafuni haurukwi. Anzia kona iliyo mbali na mlango, kandamiza maikrosimenti ipenye matundu ya wavu, mwiko ukiulaza karibu na sakafu, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Fanya kazi kwa mapana ya mita 1, na ukingo wa upana uliotangulia usikauke kabla hujaupokea. Ukingo ukikauka, mstari wake utaonekana hadi vanishi ya mwisho. Ndiyo maana sakafu ya mita za mraba 20 inataka watu watatu: wa kuchanganya, wa kutandaza, wa kunyoosha pembeni. Simu zibaki nje.

Ipe saa 12 hadi 24. Kwangua matuta kwa msasa wa namba 40, fyonza vumbi, paka tabaka ya pili bila wavu, nyembamba kuliko ya kwanza. Siku inayofuata, msasa wa 80. Wavu ukichungulia popote, paongezwe sasa.

Hali ya hewa ina sauti kubwa hapa. Bidhaa nyingi hutaka joto la kati ya nyuzi 10 na 30. Dar es Salaam na Mombasa mchana wa Februari huvuka 30, kwa hiyo anza alfajiri, funga mapazia upande wa jua, zima feni mpaka ganda lishike. Upepo hukausha uso kabla ya chini na kuacha nyufa kama za tope la bwawa. Masika huleta kinyume chake: hewa imejaa maji na saa 12 za kwenye karatasi huwa 24 au zaidi. Nairobi mwezi wa Julai, usiku ni baridi na ukaukaji husinzia vivyo hivyo.

Tabaka za juu

Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Unga laini hupakwa mwembamba sana, kwa mizunguko mifupi ya nusu duara inayokatizana, si kwa mistari mirefu iliyonyooka. Mawingu hafifu ya rangi ndiyo sura yake halali. Anayetaka rangi moja tupu anunue rangi ya sakafu. Ila yapo mawingu na yapo madoa. Mwiko wa chuma ukirudiwa mahali palepale wakati ganda limeshaanza kukaza, huliunguza: unaacha alama nyeusi kama za tairi, na kwenye rangi nyeupe au ya krimu hazifichiki. Tumia ulimi wa plastiki kwa rangi nyepesi, na jifunze kuacha. Sehemu uliyoipita mara tatu usiiguse ya nne. Msasa utaimaliza kesho.

Kwenye kuta anza juu ukishuka, ukuta mmoja kwa pumzi moja. Siku ya kwanza fanya kuta mbili zinazotazamana, siku ya pili zile mbili zilizobaki. Hivyo kona inakuwa na upande mkavu daima, na mwiko hauchimbi kazi ya jirani.

Baada ya tabaka ya kwanza ya juu, msasa 120. Baada ya mwisho, 220, kwa mkono mwepesi, kisha kifyonza vumbi, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo sana.

Bafuni

Maikrosimenti yenyewe si kinga ya maji. Kinga ni kilicho chini yake na kilicho juu yake. Mteremko kuelekea tundu la maji uwe sentimita 2 kwa kila mita, nao ujengwe kwenye sakafu ya chini. Juu ya mteremko paka utando wa kuzuia maji mikono miwili, na utepe wake maalumu kwenye kila kona na kuzunguka bomba. Ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 2, acha siku moja, uliza chumba cha chini kama dari imelowa. Ndipo praima. Mabomba na tundu vizungushiwe silikoni baada ya vanishi. Sakafu ipate vanishi isiyong'aa yenye unga wa kuzuia utelezi; inayong'aa, ikilowa sabuni, ni barafu.

Kuziba na vanishi

Kazi nyingi zilizopigwa vizuri hufia hapa kwa haraka. Subiri saa 24 hadi 48 baada ya tabaka ya mwisho. Tazama sakafu ukiwa umeinama, mwanga ukitoka mbele: palipo peusi kuliko penginepo pangali na maji. Gusa kwa mgongo wa kiganja. Pakiwa baridi kuliko pembeni, ngoja. Ukifungia maji chini ya vanishi, baada ya wiki utaona ukungu mweupe usiofutika, na tiba yake ni kuikwangua vanishi yote.

Kizibio cha vinyweleo kipakwe mikono miwili kwa rola, saa 4 hadi 6 kati yake. Halafu poliurethani. Pima vanishi na kikaushio kwa mzani kwa uwiano ulioandikwa kwenye mkebe, koroga polepole, acha dakika 5 povu litulie. Weka saa. Vanishi nyingi za maji za aina hii zikipita muda wake hazigandi mkebeni wala hazibadiliki sura. Zinapakika vizuri tu, ila hazitakomaa kamwe. Muda wake kwa kawaida ni saa moja na nusu hadi mbili, kwenye joto chini ya hapo. Ukiisha, mwaga hata kama robo mkebe imebaki.

Paka nyembamba, rola iende urefu kisha upana. Nene haileti ulinzi zaidi, huleta mapovu na ukungu. Mkono wa pili baada ya saa 8 hadi 12. Ukichelewa kupita siku, pitisha kwanza msasa wa 400. Karibu na meza ya jikoni na eneo la kuogea ongeza wa tatu.

Jaribu palipofichika: weka tone la maji saa moja, ulifute. Pakiwa pameingia weusi, vanishi haijatosha.

Kuanza kuitumia

Saa 24: tembea kwa soksi. Siku ya nne: rudisha fanicha kwa kuinua, si kuburuta, miguu ikiwa na vipande vya fulana nene. Mkeka, zulia na ndoo ya maji vingoje wiki mbili, kwa sababu vanishi iliyofunikwa mapema huacha umbo la zulia sakafuni.

Osha kwa sabuni isiyo kali. Jiki, asidi ya chooni na stili waya vikae mbali. Ndimu, siki, manjano na mafuta ya moto vifutwe papo hapo. Manjano hasa, doa lake likipata mkwaruzo halirudi nyuma. Mchanga unaoingia na viatu ni msasa unaotembea, weka kipangusio mlangoni. Tone la maji likianza kuzama badala ya kusimama, mara nyingi kwanza mlangoni na mbele ya sinki, pitisha msasa wa 400 na upake mkono mpya wa vanishi kabla njia haijalika mpaka kwenye rangi.

Palipomeguka, usihangaike na kiraka cha ukubwa wa sarafu. Rangi haitalingana kamwe, hata unga ukiwa uleule. Rudia tabaka za juu kutoka kona hadi kona, au kutoka kiungo hadi kiungo, na kwa ajili hiyo weka kando kilo 3 za unga wa juu na chupa ya resini iliyotiwa rangi, vyote vimefungwa visiingie hewa, vimeandikwa jina la chumba na tarehe.